Nakshi ya Marumaru kwenye Fito za Kuvulia: Mwongozo kwa Fundi na Mnunuzi

Matemwe, uvuvi uliozoeleka tangu enzi za wazee ni ule wa ngalawa, madema na mshipi wa mkononi. Ufito wenye pete na kigurudumu cha kukunjia mshipi umeenea zaidi kupitia wageni wanaotoka kuvua nguru, jodari na nduwaro katika maji makuu nje ya Mnemba. Ufito wa aina hiyo unaotengenezwa kwa mkono huweza kurembwa kwa epoksi ya rangi, sehemu iliyo karibu na mpini, hadi ikafanana na jiwe la marumaru. Makala haya yanamweleza mtumiaji jinsi nakshi hiyo inavyopatikana, mambo ya kuyaangalia dukani, na madhara ya kuyaepuka.

Epoksi ni kitu gani?

Epoksi huuzwa katika chupa mbili: moja ya utomvu na nyingine ya kigumishi. Rangi ya maji hukauka kwa sababu maji yake hupotea hewani. Epoksi haikauki kwa njia hiyo. Huwa ngumu kwa sababu vimiminika viwili huungana na kuwa kitu kimoja. Kila sehemu ya utomvu inahitaji mwenza wake katika kigumishi. Kimoja kikizidi, ile ziada hukosa cha kuungana nacho, na kazi hubaki laini au yenye kunata hata ikianikwa mwezi mzima.

Hapa ndipo wengi hupata hasara. Mafundi wa boti za faiba wamezoea utomvu wa poliesta, ambao hutiwa kichocheo kidogo tu, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2, na kikiongezwa kidogo utomvu huganda upesi zaidi. Mazoea hayo hayafai kwa epoksi. Kuongeza kigumishi cha epoksi hakuharakishi kazi, bali huiharibu. Poliesta hutambulikana kwa harufu yake kali inayojaa chumba. Harufu ya utomvu wa epoksi ni hafifu.

Kabla ya kununua

Hakikisha mambo yafuatayo:

- Chupa zote mbili ni za mtengenezaji mmoja na zimekusudiwa kutumika pamoja.
- Lebo inataja kipimo cha kuchanganyia, na inaeleza kama ni kwa ujazo au kwa uzito. Epoksi nyingi za fito huchanganywa kwa ujazo ulio sawa. Lakini kwa kuwa vimiminika hivyo havilingani uzito, ujazo sawa hauwi uzito sawa.
- Chupa hazijafunguliwa, na tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita.
- Bidhaa haikumiminwa katika chupa za maji zisizo na lebo. Usiinunue hata kama bei yake ni nafuu.
- Umepewa risiti, nawe umeihifadhi.

Utomvu uliofanya chenga nyeupe haujaharibika lazima. Chupa ikiwekwa katika maji ya moto kiasi, mara nyingi chenga huyeyuka. Kigumishi kilichogeuka rangi kuwa manjano hakifai kwa tabaka linalotakiwa kuwa angavu.

Jinsi nakshi inavyofanywa

1. Sehemu itakayorembwa husafishwa kwa spiriti, hupakwa rangi ya msingi, aghalabu nyeusi, kisha huachwa ikauke kabisa.
2. Utomvu na kigumishi hupimwa kwa mabomba mawili ya sindano, kila kimoja na bomba lake. Mchanganyiko hukorogwa polepole kwa dakika tatu au zaidi, huku kuta na chini ya kikombe zikikwanguliwa.
3. Mchanganyiko hugawanywa katika vikombe vidogo, na kila kimoja hutiwa rangi kidogo iliyotengenezwa kwa ajili ya epoksi. Rangi za mafuta au za maji huweza kuizuia isigande.
4. Ufito hulazwa juu ya kifaa chenye mota inayouzungusha polepole. Rangi ya kwanza hutandazwa, ya pili hudondoshwa kwa mistari, na mzunguko wenyewe huzivuta zikafanya mishipa kama ya jiwe. Matone machache ya spiriti hufungua rangi na kuacha vidoa vya mviringo. Spiriti hushika moto upesi, kwa hiyo miale ya moto isikaribie kazi hiyo.
5. Ufito huendelea kuzungushwa kwa saa kadhaa, hadi epoksi isiweze kutiririka tena. Ukisimamishwa mapema, nakshi yote huteremkia upande mmoja.
6. Baada ya hapo hupakwa tabaka jembamba la epoksi angavu. Lebo isipoeleza vingine, subiri takriban siku saba kabla ya kuutumia ufito baharini.

Joto na unyevu wa pwani

Joto likiongezeka kwa nyuzi 10 za selsiasi, kasi ya kuganda huongezeka takriban maradufu. Epoksi iliyoachwa kwa wingi ndani ya kikombe hujipasha moto yenyewe, na huweza kufuka moshi. Changanya kidogo kidogo, kisha imwage katika sahani pana. Wakati wa masika, unyevu huweza kuacha utando wa ukungu au wa mafuta juu ya kazi. Utando huo huoshwa kwa maji na kupigwa msasa kabla ya tabaka linalofuata.

Afya ya fundi

Epoksi ambayo haijaganda huweza kusababisha mzio wa ngozi. Mtu huweza kuishika kwa miezi bila dalili yoyote, kisha akaanza kuwashwa na kuvimba. Mwili ukishaikataa, kwa kawaida huikataa maisha yote, na fundi hulazimika kuiacha kazi. Kwa hiyo vaa glavu za naitraili, fanya kazi penye hewa ya kutosha, na vaa barakoa unapopiga msasa. Ikikugusa, nawa kwa sabuni na maji. Usitumie thina, kwani huipenyeza zaidi ngozini. Weka chupa mbali na watoto.

Kwa mnunuzi wa ufito uliokamilika

Nakshi hupendeza macho, lakini haiuongezei ufito nguvu. Kinachobeba uzito wa samaki ni ufito wenyewe, pamoja na uzi unaozishika pete. Ubonyeze uso wa epoksi kwa ukucha: ukiacha alama au ukinata, haujaganda sawasawa. Kagua kila pete isichezecheze, na uzi wake uwe umefunikwa pande zote bila ufa unaoweza kuingiza maji ya chumvi. Muulize fundi ni lini aliimaliza kazi hiyo. Baada ya kununua, uhifadhi ufito kivulini, maana jua huigeuza epoksi kuwa manjano.

Ukiuziwa bidhaa isiyo na lebo, iliyopitwa na wakati au isiyolingana na maelezo ya muuzaji, rudi kwake kwanza ukiwa na risiti na bidhaa yenyewe. Msipofikia suluhu, wasilisha malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.