Uvimbe wa Taya Si Jino Kila Mara

Mtoto wako akivimba taya na meno yakalegea, usikimbilie kumng'oa jino. Huenda ni saratani ya Burkitt.

Daktari Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu yake mwaka 1958. Baadaye aligundua kwamba hupenda nchi za tambarare, zenye joto, mvua na malaria, kama ukanda wetu wa Diani na Msambweni.

Hutokeaje? Ndani ya seli nyeupe ya damu, kipande cha kromosomu ya 8 hukatika kikabadilishana nafasi na kipande cha nyingine, mara nyingi ya 14. Jeni iitwayo MYC, yenye kuamuru seli igawanyike, huhamia penye jeni za kinga zisizolala. Basi amri haikomi, na uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili tu. Virusi vya Epstein-Barr na malaria ya mara kwa mara huchangia.

Kwa hiyo mtoto hakurogwa, wala hakurithi. Mlaze ndani ya chandarua. Akivimba, mpeleke upesi Hospitali ya Msambweni. Dawa zipo, na wengi wanaowahi hupona.