Injini ya Ndege Ikizimika Hewani

Somo letu la leo ni habari ya ndege ndogo, zile za watu watatu au wanne ambazo huziona zikiruka kutoka uwanja wa Kisongo, karibu na mji wa Arusha. Watu wengi hudhani kwamba injini ya ndege kama hiyo ikizimika, ndege huanguka papo hapo kama jiwe. Sivyo.

Mtazameni tai juu ya mlima Meru. Hukunjua mabawa yake akaelea muda mrefu bila kuyapiga. Ndege nayo hubebwa na mabawa. Kazi ya injini ni kuivuta mbele ili hewa ipite kwa kasi juu na chini ya mabawa hayo. Injini ikizimika, rubani huinamisha pua ya ndege kidogo, nayo hupata mwendo kwa kuteremka, kama baiskeli iteremkayo mlimani bila kukanyagwa. Akiiogopa ardhi akainua pua, mwendo hupungua, mabawa hayaishiki tena hewa, na hapo ndipo ndege huanguka kweli. Hofu hiyo imeua marubani wengi.

Sasa tufanye hesabu. Ndege ndogo ya kawaida iliyo kilomita 1 juu ya ardhi yaweza kwenda kilomita 9 hivi bila injini, kama hakuna upepo. Lakini angalieni: kipimo kilichomo ndani ya ndege kwa kawaida huhesabu kimo kutoka baharini, si kutoka shambani kwako. Kisongo ni kama mita 1,400 juu ya bahari. Kipimo kikionyesha mita 2,400, rubani ana mita 1,000 tu, yaani dakika 4 au 5. Akielekea Meru, ambao kilele chake ni mita 4,566, ardhi inapanda kumfuata, na mbele yake ni misitu, makorongo na migomba. Heri aupe mlima kisogo, atafute malisho ya wazi.

Kwa nini injini huzimika? Pengine petroli imekwisha tu. Pengine maji yamechanganyika na petroli, au barafu imeganda ndani ya kabureta. Jambo hilo hutokea hata siku isiyo ya baridi kali, hewa ikiwa na unyevu mwingi. Mwaka 1936 Bibi Beryl Markham, aliyelelewa Njoro katika Kenya, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza. Petroli ilikuwamo tangini, lakini barafu iliziba njia ya hewa ya tangi, na injini ikafa. Alitua kwenye kinamasi huko Kanada. Ndege ilichomeka pua matopeni; yeye aliumia kichwa, akapona.

Nanyi mlio chini, mkiona ndege inashuka kimya kuelekea malishoni, waondoeni watoto na ng'ombe upesi. Moshi wa jikoni usiuzime: humwonyesha rubani upepo unatoka wapi, maana hutua akiukabili upepo ili mwendo upungue. Ndege ikisha kusimama, mtu asikaribie na sigara wala taa ya moto, kwa ajili ya petroli. Wasaidieni waliomo watoke, kisha wapelekeeni polisi habari.

Hesabu ya daftarini: ndege iko juu ya Kisongo, kipimo chaonyesha mita 1,900, upepo hakuna. Injini imezimika. Rubani aweza kufika kilomita ngapi?