Kipozamataza na rangi ya udongo

Ukitoka Nyalikungu, wilayani Maswa, asubuhi kuelekea mashamba ya pamba, angalia vichuguu na nguzo za uzio. Ndege wa kahawia, mkubwa kidogo kuliko shomoro, hupenda kusimama hapo, akapiga mluzi mfupi, akanyamaza, akaurudia uleule. Akiimba husimamisha kishungi chekundu cha kutu, na mara nyingine hujirusha kidogo akipigapiga mabawa hadi yakasikika. Huyo ni kipozamataza kisogo-chekundu.

Andrew Smith alimpa jina la kisayansi mwaka 1836 kwa ndege wa Afrika Kusini. Baada yake nususpishi zilipindukia 20. Mbili zinazotuhusu, athi na tropicalis, zilitajwa na Ernst Hartert mwaka 1900. Ya pili ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kigezo kikubwa siku hizo kilikuwa ngozi zilizokaushwa: rangi ya mgongo, urefu wa bawa.

Lakini rangi ni shahidi dhaifu wa ukoo. Ndege huyu hula na kutaga chini, na mwewe humwinda kutoka juu. Mwenye mgongo unaofanana na ardhi ndiye anayepona akazaa. Maswa ina luseni, yaani udongo wa kichanga, miinukoni na udongo mweusi wa mbuga mabondeni. Katika Afrika nzima tofauti za udongo ni kubwa zaidi. Ndugu wa karibu huweza kutofautiana rangi, na wa mbali wakafanana.

Mwaka 2024 Per Alström na wenzake walichapisha uchunguzi wa ndege huyu na jamaa zake wa karibu, maumbo 31 kwa jumla, wakiunganisha vinasaba, vipimo na nyimbo. Walipata spishi tisa, na athi ikawa spishi kamili. Kinachonisikitisha ni kwamba maumbo mengi hayajawahi kurekodiwa sauti.

Huku kwetu anataga majira ya mvua, mayai mawili au matatu, kwenye kiota cha nyasi kilichofichwa chini ya shina la majani. Ndiyo miezi ya palizi na kupulizia dawa, nayo dawa huua panzi na viwavi anaolisha makinda. Ngitili, yaani malisho yaliyotengwa na kufungwa kwa mifugo, humwachia nyasi.

Kwa kuwa sauti nyingi bado hazijarekodiwa, nawe unaweza kusaidia: simu ya kawaida inatosha kurekodi wimbo wake. Sogea taratibu kabla jua halijapanda, rekodi dakika chache bila kusema neno, kisha taja mwishoni tarehe, kijiji na aina ya udongo.