Mtoto Asiyegeuka Anapoitwa

Mama humwita mwanawe wa mwaka mmoja kwa jina, naye hageuki. Hatazami usoni, haoneshi kitu kwa kidole, hapungi mkono. Jamaa humtuliza: "Subiri, inshallah atasema; hata babake alichelewa." Sisi twaona kungoja huko hupoteza wakati ulio bora.

Katika miji ya Perth na Melbourne, nchini Australia, watafiti waliwachukua watoto 103 wa umri huo wenye dalili kama hizo, kabla ya yeyote kuthibitishwa kuwa na usonji. Baadhi walipewa huduma za kawaida tu. Kwa waliobaki, mtaalamu alifika nyumbani mara 10 katika miezi 5. Hakuja kumrekebisha mtoto. Alimrekodi mzazi kwa video akicheza na mwanawe, kisha wakaitazama pamoja: hapa alikutupia jicho, hapa alitoa sauti, je, ulimjibu?

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Watoto walipofika miaka 3, waliotimiza vigezo vya usonji walikuwa asilimia 6.7 katika kundi la video, na asilimia 20.5 katika kundi jingine. Ni utafiti mmoja, wa watoto wachache, wala hatusemi kwamba usonji umepata dawa. Wala mama asidhani kwamba ndiye aliyeusababisha.

Mwenye wasiwasi ampeleke mtoto kliniki, masikio nayo yapimwe. Huku akingojea zamu yake, aketi naye mkekani uso kwa uso, simu iwe mbali, afuate anachokitazama mtoto, na kila sauti aijibu.