Kuchungulia furushi si kulifungua

Zamani, mwanafunzi aliyekosa kuleta insha alisingizia mvua au ng'ombe. Siku hizi husema kazi yake imepotelea ndani ya zipu, naye mwalimu, asiyetaka kuchezewa shere, humwandikia sufuri. Katika kesi hii mimi nasimama upande wa mtoto. Aghalabu husema kweli, ila hakuna aliyemweleza tofauti baina ya kuchungulia furushi na kulifungua.

Faili ya ZIP ni furushi hasa: faili nyingi zilizofungwa pamoja na kubanwa ili zisafiri kwa wepesi. Kubana huko si mazingaombwe. Chukua orodha ya watahiniwa 200, jina la shule likirudiwa katika kila mstari. Kompyuta huliandika jina hilo mara moja tu, kisha kila linapojitokeza tena huweka alama fupi yenye maana ya "rudi nyuma hatua kadhaa, unakili herufi kadhaa." Mbinu hiyo waliieleza Jacob Ziv na Abraham Lempel mwaka wa 1977. Huambatanishwa na ile ya David Huffman ya mwaka wa 1952, ambayo huzipa herufi zitumikazo sana alama fupi kuliko herufi adimu. Ndiyo maana orodha ya majina hunywea sana, ilhali picha za kamera, ambazo zimekwisha kubanwa tangu zipigwe, hazipungui ila kidogo mno. Muundo wenyewe wa ZIP ulitolewa na kampuni ya Mmarekani Phil Katz mwaka wa 1989, ukaachwa wazi autumiaye na autumie.

Balaa imeletwa na ukarimu wa Windows. Ukilibofya furushi mara mbili, huonyeshwa yaliyomo kana kwamba ni kabrasha la kawaida. Mwanafunzi huiona insha yake, akaifungua, akaandika saa mbili, akahifadhi, akaenda zake. Masikini hajui kwamba alichofungua ni nakala ya muda iliyowekwa mafichoni, ambayo yaweza kufutwa wakati wowote. Furushi lenyewe halikuguswa. Kesho yake huikuta insha ya juzi. Nimemwona msichana wa kidato cha nne akilia mbele ya kompyuta kwa sababu hii hii, siku ya kuwasilisha mradi wake. Wenziwe waliotengeneza kurasa za tovuti walikuta picha zote zimetoweka, kwa kuwa ukurasa ulitolewa peke yake, picha zikabaki ndani.

Na dawa ni nyepesi, jamani! Libofye furushi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague amri ya Extract All, utaje mahali pa kuweka vitu, kisha ufanyie kazi katika kabrasha jipya litakalotokea. Kwenye simu za Android, programu ya Files by Google hufanya kazi iyo hiyo. Likiwa ni furushi la RAR, muundo wa Mrusi Eugene Roshal wa mwaka wa 1993, programu ya 7-Zip ya Igor Pavlov hulifungua bila malipo.

Walimu wanaotumiana alama za wanafunzi katika furushi lenye nywila wasiiandike nywila hiyo katika ujumbe ule ule uliobeba furushi. Hiyo ni sawa na kufunga mlango na kuuacha ufunguo ukining'inia.

Wanafunzi nao wajihadhari msimu wa mitihani unapokaribia, maana huo ndio wakati wa mafurushi yanayodaiwa kuwa na karatasi zilizovuja. Mtihani huwa ni waraka au picha. Ukikuta ndani faili yenye jina linaloishia kwa exe, hiyo ni programu, nayo huenda imetumwa kuiba nywila zako. Ifute bila kuibofya.

Mtaala wa umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Basi kipindi kimoja cha dakika 40 kitengwe mwanzoni mwa muhula, kila mtoto alifunge furushi lake, alitoe, abadilishe neno moja, ahifadhi, kisha alitafute neno hilo mahali pote pawili.