Lisemwalo Lipo, Lakini kwa Sura Gani?

Wahenga walituachia usemi kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Usemi huu una hekima kubwa, ila hautuambii lijalo litakuja kwa sura gani. Leo tunataka kuupima kwa mfano unaotoka mbali, nchini Japani. Mfano wenyewe unatugusa sisi watu wa visiwani, kwa kuwa sehemu kubwa ya magari yanayoteremshwa bandarini kwetu yametumika huko kwanza.

Mwaka 1012 na miaka mingine ya kale uvumi ulisafiri kwa jahazi. Mwaka 2012 ulikuwa na mbawa. Mwaka huo kampuni za Toyota na Subaru zilileta sokoni gari dogo la mwendo kasi walilolitengeneza kwa ubia. Kwa Toyota liliitwa 86, na kwa Subaru likaitwa BRZ. Injini yake ilikuwa ya silinda nne, ujazo wake sentimita za ujazo 1998, na nguvu zake, kwa kipimo cha Japani, nguvu za farasi 200. Pistoni zake hazikusimama wima. Zililala ubavu, mbili huku na mbili kule, ili uzito wa injini ukae chini na gari litulie kwenye kona.

Gari lilisifiwa, lakini halikukosa dosari. Injini ilipofika kati ya mizunguko 3000 na 4500 kwa dakika, msukumo wake ulilegea, na dereva alihisi kama mtu anayepanda ngazi akakuta kipandio kimoja hakipo. Hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Haukutoka hewani, ulitoka kwenye dosari ambayo kila dereva aliihisi. Ikasemwa kwamba gari litakalofuata litakuwa na injini kubwa zaidi, tena yenye tabo, yaani mashine ya kusukumiza hewa ndani ya silinda. Mwaka 2018 Subaru ilipoanza kuuza Marekani gari kubwa la familia liitwalo Ascent, lenye injini ya ujazo wa 2387 na tabo juu yake, wenye kuvumisha waliona wamepata ushahidi. Wengine walihesabu nguvu za farasi kana kwamba wameshazifunga zizini.

Ukweli ulijulikana tarehe 18 Novemba 2020, BRZ mpya ilipooneshwa, na ukathibitishwa Aprili 2021, Toyota ilipoionesha GR86. Injini kubwa ilikuja. Tabo haikuja.

Tuitazame kazi ya wahandisi, maana ndani yake mna somo. Mwendo wa pistoni ulibaki milimita 86 kama zamani. Kilichobadilika ni upana wa silinda, uliotoka milimita 86 ukafika 94. Kwa badiliko hilo ujazo ulipanda kutoka 1998 hadi 2387. Nguvu zikafika farasi 235 kwa kipimo cha Japani, na nguvu ya mzunguko ikatoka newtonmita 205 hadi 250. Kubwa kuliko yote, kilele cha nguvu hiyo, ambacho zamani kilipatikana juu ya mizunguko 6000, sasa kinapatikana kwenye mizunguko 3700, yaani pale pale palipokuwa na kilio. Dosari ilitibiwa bila ya kuongeza mabomba na vipoza hewa ambavyo tabo huvidai, na gari likabaki na uzito wa kilo 1270 hivi.

Basi uvumi ulisema kweli au uongo? Tunasema ulisema nusu, na nusu ya kweli ni hatari kuliko uongo mtupu. Uongo mtupu hufichuka upesi, lakini nusu ya kweli humpa mtu ujasiri wa kuamini na nusu ya pili.

Tena injini kubwa haiji peke yake. Huja na hesabu yake. Huko Japani kwenyewe, kwa gari la mtu binafsi lililosajiliwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2019, injini iliyozidi lita 1.5 na isiyozidi lita 2 hutozwa kodi ya yeni 36,000 kwa mwaka. Ikizidi lita 2 na isizidi 2.5, kodi ni yeni 43,500. Kwa hiyo milimita nane za upana zimempandisha mwenye gari daraja. Na huko Ulaya, wakati mashabiki wakibishana juu ya tabo, kilichokata mzizi wa fitina ni sheria: Toyota ilitangaza mapema kwamba GR86 ingeuzwa huko kwa miaka miwili tu, kwa sababu ya masharti mapya ya usalama yaliyofikia magari yote mapya mwezi Julai 2024.

Kwa ndugu zetu wananchi tuna neno moja. Anayenunua gari lililotumika asinunue jina. Majina 86 na GR86 yamekaribiana, na BRZ ni BRZ ya zamani na ya sasa, lakini injini ni mbili tofauti. Tarakimu za ujazo zilizoandikwa kwenye hati za gari ndizo za kutazamwa kabla fedha haijatoka mkononi, wala si maneno ya barazani au ya dalali.

Kwa watumishi wa Serikali tuna neno la pili. Uvumi hustawi penye kimya. Wenye viwanda wana haki ya kuficha bidhaa ambayo haijaiva, kwa kuwa wanashindana. Ofisi ya umma haishindani na mwananchi. Panapokuwa na badiliko la ushuru, la ada au la masharti ya magari, litangazwe mapema, kwa tarakimu na tarehe, ubaoni na redioni, ili mwananchi asiagize chombo kwa hesabu ya jana akakikomboa kwa hesabu ya leo.

Hivi sasa minong'ono imeanza tena juu ya gari litakalorithi hili, na tabo imerudi midomoni. Huenda safari hii ikaja. Sisi tutaihesabu siku itakapopimwa.