Punguza Upepo, Usiongeze

Kila kiangazi kikikaribia, swali ni lile lile, liwe limetoka Rukuba, Bunda au Butiama: "Fundi, tunapita Serengeti na Ngorongoro, tunashuka Ziwa Natron kuwaona heroe. Huko ni mawe matupu, nijaze upepo hadi ngapi?"

Muulizaji haulizi kama aongeze au apunguze. Ameshaamua kuongeza, anataka tarakimu tu. Na atampata fundi pancha wa kumridhisha: akisikia neno "porini" anapandisha hadi PSI 45, wengine 50, na mteja anaondoka akiamini amekingwa. Hajakingwa. Ametayarishiwa pancha.

Tairi lililojazwa kupita kiasi linatuna, na uzito wa gari unaangukia sehemu nyembamba ya katikati. Likikanyaga jiwe lenye ncha haliwezi kubonyea, kwa hiyo ncha inaingia. Tairi lile lile ukilishusha hadi 27, sehemu inayogusa ardhi inarefuka, uzito unatawanyika, na raba inabonyea juu ya jiwe na kupita salama. Kati ya Seronera na Naabi, ndani ya Serengeti, barabara imejikunja kama bati la migongo midogo. Tairi gumu linarukaruka juu ya mikunjo hiyo, breki zinakosa pa kushika, na mtetemo wote unaishia kwenye shokomzoba, nati za keria na migongo ya abiria. Halafu watu wanalaumu gari.

Kuna joto pia. Natron iko chini kabisa kwenye Bonde la Ufa, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana hewa inaweza kufika nyuzi 40. Kila joto likipanda nyuzi tano au sita, upepo wa tairi unapanda takriban PSI moja. Aliyejaza 45 alfajiri ya baridi pale Mto wa Mbu atakuwa na karibu 49 mchana kwa joto la hewa peke yake, kabla hujahesabu msuguano wa tairi na mawe yaliyopigwa jua tangu asubuhi.

Najua imani ya kuongeza upepo imetoka wapi. Imetoka kwenye malori, ambayo matairi yake hujazwa hata zaidi ya 100. Lakini tairi la lori limeundwa kwa upepo huo na kwa tani za mzigo. Gari lako la familia halihusiki. Ukweli upo kidogo tu: kwenye lami yenye mashimo, tairi laini hubanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu, na ukilikimbiza linachemka ubavuni hadi linapasuka. Ndiyo maana anayepunguza upepo anapunguza na mwendo. Ndani ya Serengeti mwisho ni kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo sheria imeshakusaidia.

Tarakimu yako imeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani huandikwa kwa kilopaskali: 220 ni kama 32 kwenye kipimo cha fundi wetu. Kwenye mawe toa karibu robo ya kiwango hicho. Mkiwa wengi na mizigo, matairi ya nyuma yatoe upepo kidogo tu, usizidishe. Kwenye mchanga mzito shuka hadi 20, uende polepole, kisha urudishe. Pima alfajiri, tairi likiwa baridi. Ukiona kipimo kimepanda mchana usishtuke ukatoa upepo, maana usiku likipoa litakuwa limelegea kupita kiasi. Ukikuta lami kwenye geti la Lodoare, unapotoka Ngorongoro, rudisha upepo. Ukiiacha Mto wa Mbu kuelekea kaskazini, punguza tena.

Mengine ya safari ni haya, na nayasema upesi. Vukeni kutoka Rukuba asubuhi kabla ziwa halijachafuka, mlale Musoma. Kesho yake piteni Butiama, Mwitongo, kwenye kaburi na makumbusho ya Mwalimu Nyerere, kisha Mugumu mjaze mafuta na mwingie geti la Ikoma. Mageti hufungwa saa kumi na mbili jioni, fedha taslimu hazipokelewi, kibali cha Serengeti kina kikomo cha saa, na Ngorongoro utalipa hata kama unapita tu. Mvua ikinyesha msipitie geti la Ndabaka. Udongo mweusi wa kule utawalaza njiani. Olduvai msiipite: hapo Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus Julai 1959, na si mbali kuna rundo jeusi la mchanga wa majivu ya Ol Doinyo Lengai, linalosukumwa na upepo takriban mita 17 kila mwaka. Laleni Karatu. Kutoka Mto wa Mbu hadi Engare Sero, kando ya Natron, tengeni nusu siku nzima, na fedha kwa ajili ya vizuizi vya ushuru. Kwa gari dogo la chini msijaribu, kodini lenye kuvuta magurudumu yote manne.

Maji nayasisitiza, kwa sababu mtu wa kisiwani amezoea kuona ziwa kila anapogeuka. Maji ya Natron ni magadi, hayanyweki. Bebeni lita tano kwa kila mtu kwa siku, na dumu la lita 20 la akiba. Matairi ya spea yawe mawili. Pampu ya kuchomeka kwenye betri na kipimo chako mwenyewe nunua Mwanza au Musoma, uvijaribu nyumbani kwa matairi yote manne kabla ya safari.